Mizani ya karafuu na msumeno wa moto

Hotuba ya fundi mashine mbele ya wapasuaji mbao, maseremala na mafundi wa vyombo, Wete, Pemba

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana sheha, wazee wangu mliokaa mbele, mafundi wa mbao, mafundi wa vyombo mliotoka pwani, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama mnaotafuta pa kukimbilia: ahsanteni kwa kuja. Nimepewa nusu saa. Mie si mtu wa maneno, ni mtu wa tupa na spana, basi nimekuja na mizani. Ile pale, inaning'inia kwenye boriti. Wenye mashamba mmeshaijua: ni mizani ya karafuu. Nimeiazima kwa jirani yangu, naye kanipa sharti moja, ifike kwake kabla ya alasiri na iwe nzima.

Chini ya mizani kuna misumeno ya moto miwili, ile ya injini ya petroli inayokata kwa mnyororo wa meno. Mmoja mnaufahamu, hata watoto wa skuli wakiusikia ukilia bondeni wanajua ni wa nani. Ni Stihl 070, wa kampuni ya Kijerumani, mali ya mzee wetu huyu aliyekaa hapa mbele na ambaye keshaanza kunikunjia uso. Wa pili ni Stihl MS 500i. Umekuja na mgeni kutoka Unguja, na kesho unarudi naye kwa boti, kwa hiyo asiuzoee mtu.

Kabla hatujaanza niliwauliza vijana wa mlangoni: katika hii miwili, upi una nguvu zaidi? Mikono yote ikaelekea kwenye 070. Nikauliza kwa nini. Mmoja akasema, "Si unauona?" Mwengine akasema, "Ukiwashwa Wete, Konde wanasikia."

Haya. 070 ina silinda ya cc 106, yaani ujazo wa sentimita za mchemraba 106. Nguvu yake ni kilowati 3.6. Mwili wake peke yake, bila ya mnyororo, bila ya petroli, unazidi kilo 10. MS 500i ina silinda ya cc 79.2, nguvu yake ni kilowati 5.0, na mwili wake ni kilo 6.2. Mashine ndogo kwa silinda, nyepesi kwa zaidi ya kilo 4, ndiyo yenye nguvu kubwa, tena si kwa kidogo. Wazee walishasema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Nafikiri walikuwa wakizungumzia injini ila hazijafika bado.

Naam, mzee wangu, nimekuona. Zamu yako inakuja, na nitakutetea mwenyewe.

Sasa ilikuwaje silinda ndogo ikatoa nguvu nyingi? Tazameni mama wawili wanaotwanga. Wa kwanza ana mchi mzito wa mkwaju, anaunyanyua pole pole, akiuangusha ardhi inatetemeka. Wa pili ana mchi mwepesi, lakini mkono wake unakwenda mbio, wa kwanza akipiga mmoja yeye kapiga miwili. Baada ya robo saa, nani katwanga zaidi? Kinu hakiangalii uzito wa mchi peke yake. Kinaangalia uzito wa pigo na wingi wa mapigo. Kilowati ni hesabu ya vyote viwili kwa pamoja. 070 ni mama wa mchi mzito: inazunguka pole pole, kila mzunguko una kani. Mashine za siku hizi zinafika mizunguko elfu kumi na tatu, elfu kumi na nne kwa dakika zikiwa hazijagusa mti, na nguvu yao inatoka kwenye kasi hiyo. Mwili wao nao ni magnesi, chuma chepesi, na plastiki ngumu. Na hiyo MS 500i, iliyoingia sokoni mwaka 2019, ndiyo ya kwanza duniani katika misumeno kuachana na kabureta: petroli inapulizwa na pampu inayoongozwa na kompyuta ndogo, kama gari. Msiniulize nani ataitengeneza hapa Wete ikiharibika. Mie bado najifunza.

Kuna hesabu ndogo nataka kila mmoja aondoke nayo. Chukua kilo za mashine, gawa kwa kilowati zake. Jibu ni kilo ngapi unabeba ili upate kilowati moja. Likiwa dogo ndiyo vizuri. Wengine wamezoea nguvu za farasi. Zidisha kilowati kwa 1.36 utazipata. Kilowati 5 ni farasi 6.8. Lakini mie napenda kilowati kwa sababu ndiyo inayoandikwa kwenye vitabu vya mashine, na inapimwa kwa utaratibu mmoja wa kimataifa, ISO 7293, hata ukilinganisha ya Mjerumani na ya Mswidi unalinganisha embe kwa embe.

MS 500i: kilo 6.2 kwa kilowati 5.0, unapata 1.24. Husqvarna 592 XP, ya Mswidi, ambayo ni cc 92.7: kilo 7.4 kwa kilowati 5.6, unapata 1.32. Stihl MS 462, cc 72.2: kilo 6.0 kwa kilowati 4.4, ni 1.36. Ndugu yake mkubwa MS 661: kilo 7.4 kwa 5.4, ni 1.37. Husqvarna 572 XP: kilo 6.6 kwa 4.3, ni 1.53. Sasa 070 ya mzee wetu: karibu kilo 3 kwa kila kilowati. Zaidi ya mara mbili.

Nataka mjue pia tulikotoka, maana kuna watu wanadhani mashine zilikuwa hivi tangu Nabii Nuhu achonge safina. Mwaka 1950 kampuni ya Stihl ya Ujerumani ilitoa msumeno wake wa petroli wa kwanza wa kubebwa na mtu mmoja, uzito wake kilo 16. Wazee, kilo 16 ni nini? Frasila. Ratili 35, frasila nzima ya karafuu, mtu ameikumbatia huku inanguruma na kutoa moshi, na wakaona ni rahisi! Miaka tisa baadaye, 1959, wakatoa ule ulioitwa Contra: kilo 12, farasi 6, ambazo ni kilowati 4.4. Mwaka huo huo Husqvarna wa Uswidi, ambao kiwanda chao kilianza na bunduki mwaka 1689, nao wakatoa msumeno wao wa kwanza wa moto. Sasa rudini kwenye MS 462 niliyoitaja: kilowati 4.4 kwa kilo 6.0. Nguvu ile ile ya Contra, uzito nusu kamili. Jasho la wahandisi la miaka sitini limekwenda kwenye kuondoa kilo sita begani kwa mtu. Sisi tunakwenda dukani tunauliza, "Hakuna kubwa zaidi?"

Nikupe zamu yako sasa, mzee wangu.

Kwa kupasua mbao, 070 haijafukuzwa, na anayeicheka hajui kazi. Ukipasua gogo la mwembe au la mvule kwa urefu wake unakwenda sambamba na nyuzi za mti, mnyororo umezama kwa upana wote wa gogo, na kila jino linakula kwa wakati mmoja. Kazi ya namna hiyo inataka kani isiyokatika, si mbio. Gogo limelala chini, mashine imelazwa juu ya gogo, uzito wake hukubebi wewe, unabebwa na gogo lenyewe. Hapo kilo 10 haina ubaya, tena inasaidia kutulia. Halafu injini yake nyepesi kuielewa: fundi mwenye spana nne na akili timamu anaifungua chini ya mnazi na kuifunga kabla ya adhuhuri. Hilo nalo lina thamani yake kisiwani. Ubaya unaanza pale mtu huyo huyo anapoinyanyua 070 akaenda nayo kuangusha mti, kukata matawi, kupanda kilima cha Mtambwe na kushuka bonde. Hapo gogo halimbebei tena. Anabeba yeye.

Na anabeba ngapi? Hapa ndipo mizani inapoingia, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Uzito unaoandikwa kwenye kitabu ni uzito wa mashine kavu: haina petroli, haina oili ya mnyororo, haina mnyororo wala ubapa unaobeba mnyororo. Ni kama kumpima bwana harusi bila ya kanzu, joho wala jambia. Mashine hiyo haijapata kukata hata kijiti, maana haiwezi. Asubuhi ya leo, kabla hamjafika, nimeipima MS 500i ikiwa tayari kwa kazi: tangi limejaa, oili imejaa, ubapa wa inchi 25 na mnyororo wake. Sindano ilisimama karibu na kilo 9. Kitabuni 6.2. Kilo hizo nyengine zilitoka wapi? Petroli ya tangi ni kiasi cha nusu kilo na ushei, oili kiasi cha robo kilo na kidogo, na ubapa na mnyororo wake karibu kilo 2. Nikaipima na 070 ya mzee na ubapa wake mrefu. Ikapita 14. Wazee wa karafuu, malizieni wenyewe: imekaribia frasila ile ile ya mwaka 1950.

Kwa hiyo mtu akikwambia mashine yake ni kilo 6, muulize, kavu au rojo?

Na hapo kwenye ubapa kuna kichekesho ninachokiona kila wiki kwenye kibanda changu. Mtu anasumbuka, anauza mbuzi, anaagiza mashine iliyo nyepesi kwa nusu kilo kuliko ya jirani. Safi. Halafu anafunga ubapa wa inchi 36, anakwenda kukata kuni za mkarafuu mkavu wenye unene wa paja. Ile nusu kilo aliyoilipia imerudi na ndugu zake wawili, tena imerudi mbele, kwenye ncha, mbali na mkono. Kilo moja iliyo kwenye ncha ya ubapa si sawa na kilo moja iliyo karibu na mshikio. Mvuvi anayeinua pondo anajua. Kama mti wako ni wa inchi 15, funga ubapa wa inchi 16 au 18. Hicho ndicho kipunguza uzito rahisi kuliko vyote, na hakitoki Ulaya.

Mtaniambia, kilo moja nini? Tuhesabu. Tuseme kwa siku moja ya kukata matawi na magogo unainua msumeno mara 300, na sidhani nimezidisha. Tofauti ya mashine yako na ya mwenzako ni kilo 1.2. Mara 300, ni kilo 360. Ni magunia saba ya kilo 50 na baki, umeyainua zaidi ya mwenzako kwa siku moja, na hakuna aliyekulipa kwa hayo. Mchumaji karafuu analipwa kwa pishi. Akichuma pishi ya ziada anaidai. Wewe umeinua magunia saba ya ziada na jioni unasema tu, "Leo nimechoka."

Mie mwenyewe nilijifunza kwa mgongo. Msumeno wangu wa kwanza ulikuwa mzito, wa zamani, sitautaja jina. Niliufanyia kazi miaka mitatu. Mwaka wa tatu ilikuwa nikiamka alfajiri vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi, nikitia udhu siyahisi maji. Nikadhani ni pepo, mama akanichomea ubani. Haukuwa uzito peke yake, ulikuwa na mtetemo: mashine nzito ya zamani haina springi nzuri kati ya injini na mishikio, kila mlipuko wa pistoni unakuja moja kwa moja kwenye mifupa. Kwa Wazungu jambo hili limewekewa sheria. Umoja wa Ulaya una mwongozo wa mwaka 2002 unaoweka kikomo cha mtetemo anaoruhusiwa kuupata mfanyakazi kwa siku. Kwa hiyo unapolinganisha mashine mbili, ukishamaliza kilo na kilowati, tafuta kwenye kitabu mstari wa mtetemo. Tarakimu ikiwa ndogo, vidole vyako vinashukuru. Vyangu vimerudi, alhamdulillahi, lakini havikurudi vyote sawa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayekuuzia dukani hataubeba yeye.

Nikija kwenye duka, kuna jingine. Miaka kadhaa nyuma nilinunua mashine mjini, sitasema duka gani wala mtaa gani, na aliyeniuzia yuhai na mie simlaani. Ubavuni imeandikwa kwa herufi kubwa "5800". Nikasema, kilowati 5.8! Nguvu kuliko zote, bei ya kuku watatu. Nikavuka nayo bahari kifua mbele. Kufika, gogo la mwembe la kwanza, inakohoa. La pili, inazima. Baadaye nikaifungua nikapima silinda kwa mkono wangu: cc 58. Tarakimu zile zilikuwa za ukubwa wa silinda, tena zimeongezewa masifuri mawili ya mapambo. Nguvu yake ya kweli haikufika nusu ya nilichodhani. Mashine za "5200" na "5800" ziko tele, na zina kazi zake za nyumbani, siwatukani wanaozitumia. Ila ile si kilowati. Mkiona tarakimu kubwa ubavuni, ulizeni: hii ni tarakimu ya nini? Muuzaji asipojua, basi nyote wawili hamjui, na mwenye pesa ni mmoja tu.

Na mashine nyepesi ya nyumbani isikudanganye kwa upande mwengine. Stihl MS 170 ni kilo 4 na kidogo, unaiinua kwa mkono mmoja ukasema hii ndiyo. Nguvu yake ni kilowati 1.2. Gawanya: ni zaidi ya kilo 3 kwa kilowati moja, inakaribiana na 070! Nyepesi mkononi, nzito kwenye hesabu. Ukiipeleka kwenye gogo la mfenesi utasimama nayo mpaka adhana, na kusimama nako kuna uzito wake.

Hapa kijana mmoja ataniambia, basi tununue sote MS 500i, mambo yaishe, 1.24 ndiyo ndogo kuliko zote. Hapana. Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hesabu yangu mwenyewe inaweza kukupoteza.

Stihl MS 261, cc 50.2, ni kilo 4.9 kwa kilowati 3.0. Gawanya: 1.63. Husqvarna 550 XP Mark II ni kilo 5.3 kwa kilowati 3.0: 1.77. Kwa mgao huu wa kilo kwa kilowati, zote mbili zimeshindwa na MS 500i. Kwa nini? Kwa sababu mashine ndogo nayo inataka mishikio, tangi, breki ya mnyororo, kamba ya kuwashia, chujio la hewa. Ni kama chungu: chungu kidogo kina udongo mwingi kuliko wali. Ukipanda kwenye silinda ya cc 70, 80, 90, mgao unakuwa mzuri. Ukizidi hapo unaharibika tena: Stihl MS 881 ya cc 121.6 ina kilowati 6.4, Stihl wenyewe wanaitangaza kuwa na nguvu kuliko misumeno yote inayotengenezwa kwa wingi, lakini ni kilo 9.9, mgao wake 1.55. Husqvarna 3120 XP, kilo 10.4 kwa 6.2, ni 1.68. Hizo zimejengwa kwa kupasua, zimenenepeshwa makusudi zistahamili, na tumeshasema mashine ya kupasua uzito wake unabebwa na gogo.

Lakini mtu anayekata nguzo za mvinje, anayepogoa miembe na mishelisheli, anayekatakata kuni, mti wake hautaki kilowati 5. Kilowati 3 zinamtosha na kubaki. Kwa huyo kilo 4.9 ni kilo 4.9, mgao useme utakalo. Kilowati mbili za ziada hatazitumia, ila kilo 1.3 za ziada atazibeba zote. Kwa hiyo anza na mti: unataka nguvu kiasi gani? Ukishajua, katika mashine zote zenye nguvu hiyo tafuta iliyo nyepesi. Mgao ni wa kulinganisha mashine za rika moja. MS 462 na 572 XP ni rika moja, zilinganisheni. Tofauti yao ni zaidi ya nusu kilo na nguvu ni takriban sawa. Usimpiganishe mtoto wa madrasa na mbeba mizigo wa bandarini halafu ukamsifu mbeba mizigo.

Kwa mafundi wa vyombo mliotoka pwani: kazi yenu iko katikati. Mnaangusha mtondoo au mwembe shambani, mnauchonga huko huko, mnaubeba. Mashine ya cc 70 hivi ndiyo yenu. Moja tu, ubapa mbili.

Mnazi unataka maneno yake peke yake. Mnazi mkongwe nje ni mgumu kama pembe na ndani laini kama mkate wa mofa, tena una chembe chembe za mchanga ndani ya nyuzi zake. Msaji nao vile vile. Mnyororo unakuwa butu hujamaliza hata gogo. Na mnyororo butu unafuta kila kitu nilichokisema leo: kilowati 5 zenye mnyororo butu zinakata kama 2, kilo zinabaki zile zile, na wewe unaanza kusukuma. Ukijiona unasukuma, simama. Ukiona vumbi jembamba badala ya chenga, simama. Tupa ya duara ya milimita 5.2 kwa mnyororo wa inchi tatu kwa nane, ya 4.8 kwa ule mdogo wa nukta 325. Weka mfukoni, si nyumbani.

Mnajua jino la mnyororo huu limetoka wapi? Mmarekani mmoja, Joseph Cox, mkata miti wa Oregon, mwaka 1946 alikuwa akipasua kuni akamuona funza wa mbawakawa akila gogo, kushoto na kulia, hashindwi na upande wowote wa nyuzi. Akakaa akamtazama, akatengeneza jino la chuma kwa mfano wa taya la yule funza. Sisi funza tunamuona kila siku kwenye kuni zetu, tunamtupia kuku.

Misumeno ya betri sitakaa nayo sana. Ipo, ni kimya, haitaki petroli, na umeme wetu unakuja chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Ila angalieni kitabu chake: mara nyingi uzito ulioandikwa ni bila ya betri. Ni yale yale ya bwana harusi.

Na suala la kibali cha kukata miti, bwana sheha ananitazama. Sheria ya misitu ya Zanzibar ni ya mwaka 1996, nyote mnaijua au mmeshakutana nayo barabarani na gari imejaa mbao. Mkarafuu haukatwi kiholela, msitu wa Ngezi si shamba la mtu. Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, huku kwetu Mungu akatunusuru. Mkarafuu ulioponea kimbunga hauwezi kuponea kilowati 5, unamaliza dakika moja. Yaliyobaki atasema bwana sheha mwenyewe.

Nimezidisha nusu saa. Mizani iko pale. Nimeona wengine mmekuja na mashine zenu kwenye baskeli na kwenye gari ya ng'ombe. Zileteni moja moja, tuzipime mbele ya watu. Mwenye petroli ndani asiimwage, mwenye ubapa asiufungue, tunataka uzito wa kazi. Kijana, chukua chaki, andika ubaoni: jina la mashine, kilo za kitabuni, kilo za mizani. Tuanze na ya mzee, keshasimama. Wawili mumsaidie kuinyanyua, na tafadhalini, kamba ile ya mizani ni ya jirani yangu.